Kumpaka Rangi Hakumfanyi Lwanda Magere

Nimechoka kuonyeshwa Mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia nikaambiwa huyu ndiye Lwanda Magere, shujaa wetu wa Kiluo.

Wa karibuni nilimwona hapa Kisumu, juu ya meza ya vijana wanaounganisha na kupaka sanamu ndogo za resini. Zamani alikuwa mpiganaji wa nchi za theluji, wa wale wanaouzwa na mafundi wa ng'ambo wakiwa vipande vipande ndani ya boksi. Aliyemnunua alikuwa amemvua kofia ya chuma yenye pembe, akampaka rangi mwili mzima, akamfunga kipande cha ngozi kiunoni, kisha akaandika jina kwenye kibao. Basi. Ndevu zilizosukwa zilikuwa pale pale. Buti za manyoya zilikuwa pale pale, zimepanda hadi magotini. Yeyote aliyewahi kukatiza uwanda wa Kano saa nane mchana mwezi wa Januari ajiulize ni shujaa gani angefukuzia ng'ombe walioibwa akiwa ndani ya buti za manyoya.

Rangi ilipakwa vizuri, sikatai. Kijana ana mkono. Ninachobisha ni yale madai kwamba amemgeuza. Kumtoa mhusika mmoja na kumweka mwingine mahali pake ni kazi ya msumeno na ya kuuliza watu maswali. Brashi huja mwisho kabisa.

Kwa ambaye hajakutana na uraibu huu, nieleze kwa ufupi. Sanamu hizi zilianza kupata nguvu Japani miaka ya 1980, zikitengenezwa na mashabiki wenyewe vyumbani na kwenye gereji zao, kwa sababu viwanda vikubwa havikuwa vikitoa wahusika waliowapenda. Mchongaji huunda sanamu moja, huizungushia silikoni ili apate kalibu, kisha humimina humo resini ya polyurethane na kutoa nakala chache. Mnunuzi hupokea mfuko wa vipande visivyo na rangi: kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, silaha. Ni juu yake kuviosha kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kalibu, kukata vishina, kuziba mashimo ya hewa, kupiga msasa, kutoboa na kutia pini, kuunganisha na kupaka. Kipimo kinachopendwa ni moja kwa sita. Mtu wa sentimita 180 husimama mezani akiwa na sentimita 30. Na kwa kuwa mwili wote uko mikononi mwako ukiwa vipande, kishawishi huja mapema: kwa nini nisimpe huyu kichwa cha yule?

Yaani mchezo wenyewe ulizaliwa na watu waliokataa kungoja kiwanda kiwape wampendaye. Sisi wa kando ya ziwa tuna sababu hiyo hiyo ya kuuingia, maana sijaona duka popote linalouza Lwanda Magere ndani ya boksi.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Wagonjwa huniita daktari nami nilishaacha kuwasahihisha. Karakana yangu iko upande wa Kondele, na mchana kutwa nashika akriliki, plasta, nta na kimashine cha kusagia chenye vichwa vya kila namna. Kwa hiyo vifaa vya kugeuzia sanamu ninavyo kazini tayari, na jioni wateja wakiisha huvuta boksi langu kutoka chini ya meza. Mume wangu husema nachezea midoli. Ni sawa. Yeye humaliza Jumapili nzima akiigombania Gor Mahia na watu asiowajua, timu iliyopewa jina la mganga wa Kanyamwa anayesimuliwa kwamba alikuwa akijigeuza umbo apendavyo, halafu mimi ndiye ninayeambiwa nageuza vitu visivyogeuzwa.

Hadithi ya Lwanda Magere wengi mnaijua, lakini nitaipitia mbio kwa sababu kila kipande cha sanamu kinaitegemea. Alikuwa mtu wa Kano, wa ukoo wa Sidho, enzi za vita vya mifugo na majirani wa milimani ambao Waluo waliwaita Lang'o. Mikuki ilimpiga ikadunda. Maadui waliposhindwa kwa nguvu walimpa binti yao amwoe. Siku moja akaugua, akamwomba mke huyo amchanje chale, na akamwelekeza achanje kwenye kivuli chake, wala si mwilini. Damu ikatoka kivulini. Binti akaikimbiza siri kwao. Vita vilivyofuata, mkuki uliposhuka juu ya kivuli, Lwanda Magere alianguka na kuwa jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa mpaka leo karibu na Mto Nyando, na husimuliwa kwamba wawindaji walikuwa wakinoa silaha zao juu yake ili wabahatike. Okiya Omtatah, ambaye siku hizi tunamjua zaidi kwa kesi zake mahakamani na kwa useneta wa Busia, aliiandikia tamthilia mwaka 1991.

Sasa tumrudie yule wa mezani. Nilipotaka kumuunda wangu nilichagua seti ya aina ile ile, mpiganaji wa theluji mwenye shoka, kwa sababu kiwiliwili chake kimepinda vizuri kiunoni na bega la kulia limerudi nyuma. Lakini mkono wa shoka si mkono wa mkuki. Mwenye shoka hukunja ngumi, kidole gumba kikafunga juu ya vingine, na kiwiko hushuka. Anayerusha mkuki huinua kiwiko juu ya bega, kiganja huangalia angani, na mti wa mkuki hulala juu ya kiganja ukishikwa na vidole viwili vitatu tu. Kwa hiyo bega lilikatwa, kifundo kikakatwa, na vidole vikatumbukizwa kwenye maji ya moto. Resini hii ikipata moto hulegea, unaweza kuikunjua taratibu, ukaishika hadi ipoe. Pini za kushikilia mkono mpya ni spoki za baiskeli. Hakuna waya wa dukani unaozishinda, na fundi yeyote wa baiskeli atakupa zilizovunjika bila kukudai.

Buti zilikwenda zote. Miguu ya mtu anayetembea peku maisha yake yote ina vidole vilivyoachana na visigino vyenye magaga, na hayo huyapati kwenye seti yoyote; niliyajenga kwa fila ya epoksi kuanzia gotini kushuka. Wanaokosa epoksi hutumia ile fila ya mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Hufaa, ila kwa joto letu huganda kabla hujamaliza kuichanganya, kwa hiyo punguza kigumishi na ufanye kidogo kidogo. Na tafadhali, vijana, vumbi la resini si unga wa ugali. Piga msasa ndani ya maji, vaa barakoa ya maana, usifanyie jikoni kwa mama.

Kisha mdomo. Hapa nitakaa kidogo.

Mpiganaji yule ananguruma, mdomo wazi, na ndani yamo meno yote, juu na chini, meupe kama ya tangazo la dawa ya meno. Nilikuwa nimeshamnyoa ndevu na nimemaliza bega alipofika mzee mmoja wa Kano kupimwa meno ya chini. Akamwona dirishani.

"Huyu ni nani, daktari?"

"Lwanda Magere, baba."

Akamchukua, akamsogeza kwenye mwanga, akamtazama mdomoni muda mrefu. Akamrudisha mezani kwa heshima zote.

"Huyu bado ni mtoto. Hajang'olewa."

Mzee mwenyewe ameng'olewa. Kwa Waluo wa zamani kijana aliyefikia umri wake alitolewa meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo huitwa nago, na ndiyo iliyomtoa utotoni. Ukiwauliza wazee sababu, wengine watakwambia ilikuwa alama ya kutambuana, wengine kwamba mtu akipatwa na pepopunda taya likafungwa aweze kulishwa uji kupitia pengo. Shule na makanisa yaliisukuma nje, na waliobaki nayo leo ni watu wa umri mkubwa. Kila baada ya muda mmoja wao hunijia akitaka nimrudishie sita zake, pengine kwa sababu ya mahindi ya kuchoma, pengine kwa sababu mjukuu wa mjini amecheka.

Ndiyo maana najua pengo hilo lilivyo, tena kwa vidole. Jino likiondoka, mfupa uliolishikilia huisha polepole na ufizi hushuka ukawa ukingo mwembamba. Mdomo wa chini hukosa egemeo ukarudi ndani kidogo, na kidevu kikaonekana kimetoka. Ulimi huchukua nafasi, unauona mtu anaposema. Meno ya juu, kwa kuwa hayakutani tena na ya chini, wakati mwingine husogea mbele. Hayo yote hutokea kwa mtu halisi, na yote yanatakiwa yatokee kwa mtu wa sentimita 30. Meno sita ya chini ya mtu mzima yakipungua mara sita yanakuwa upana wa karibu milimita 6. Nilitumia kichwa kidogo kabisa cha kusagia, kile cha kufungulia mianya kati ya jino na jino, nikayaondoa moja moja, nikausawazisha ukingo kwa nta ya moto, nikaupaka waridi iliyochanganywa na kahawia, maana ufizi wa watu wetu si ule wa waridi tupu unaouzwa kwenye makopo. Kisha nikaupunguza mdomo wa chini kwa msasa laini na kuuinua ulimi.

Uso ulibadilika. Sina namna nyingine ya kulisema. Bega jipya halikufanya hivyo, wala miguu. Ile ngurumo ya sinema iliondoka, akabaki mtu mzima wa Kano anayepiga kelele vitani.

Ninalotaka kusema ni hili: mhusika hukaa katika mambo ambayo watu wake wangeyaona mara moja. Yule kijana aliyempaka Mzungu rangi angeweza kuniambia bila kufikiri mhusika wake wa katuni za Kijapani amevaa bangili ngapi na ana kovu jicho gani. Ningemuuliza shujaa wa kwao alikuwa na meno mangapi angenishangaa. Simlaumu yeye peke yake. Ya Wajapani yamechorwa, yamepimwa na kuwekwa mbele yake. Ya kwao yamo vinywani mwa wazee wanaozikwa kila Jumamosi.

Hayo mengine ya vazi nilihangaika nayo kwa namna hiyo hiyo. Kofia ya vita, kondo, ilikuwa na meno ya kiboko na manyoya ya mbuni. Meno ya kiboko yalinipa raha kuliko kazi zote, kwa sababu ninacho kibao cha rangi za meno, kuanzia A1 hadi D4, na A4 ndiyo njano-kahawia ya pembe ya mnyama iliyozeeka. Nilisaga mabaki ya akriliki ya meno bandia mpaka yakapata mpindo. Unyoya halisi wa mbuni ni mkubwa mno kwa kipimo hiki. Vinyoya laini vya kuku, vile vya chini ya bawa, ndivyo vinavyotingishika sawasawa ukivipuliza. Ngao ilikuwa ndefu, ya ngozi ngumu ya nyati. Ngozi ya mbuzi iliyochunwa nyembamba, mabaki ya fundi viatu, ililowekwa na kukaushiwa juu ya chupa ili ipate tumbo. Wako wanaotumia ngozi ya samaki mbuta kwa kuwa inasindikwa hapa hapa Kisumu na ni nzuri ajabu. Lakini vifuko vya magamba hubaki vikionekana, na nyati hana magamba. Hiyo iwekeni, siku moja mtamhitaji mamba.

Kuna kosa la pili ninaloliona kila mara, nalo ni la wenye bidii. Wao wamesikia kwamba mwili wake ulikuwa jiwe, basi humpaka kijivu chenye madoadoa, kama aliyechongwa kutoka miamba ya Kit Mikayi. Picha inavutia na hupendwa. Lakini hebu ifikirieni hadithi. Kama angeonekana jiwe, Lang'o wangemjua kuanzia asubuhi ya kwanza na wasingekuwa na haja ya kumtoa binti yao aende kupeleleza. Lwanda Magere alionekana mtu, akatoka jasho, akaugua, akalala na mkewe. Ukimfanya mwamba umeifichua siri kabla binti hajafika. Mimi nampaka ngozi: kahawia iliyokolea yenye zambarau kwa chini, wekundu wa udongo mabegani na mashavuni, na mwanga wa mwisho wa samawati hafifu, kwa sababu ngozi nyeusi yenye jasho juani huakisi anga. Ujiwe wake niliuweka mahali pamoja tu, kwenye ncha ya mkuki wa adui iliyopinda, imelala karibu na mguu wake.

Na kivuli? Bila kivuli huyu ni askari yeyote. Ukikipaka kwa rangi kwenye kitako, taa ya sebuleni itamtupia kivuli cha pili na mtazamaji atachanganyikiwa. Kwa hiyo nilikichimba: bonde la kina kidogo katika udongo mwekundu wa kitako, lenye umbo lake yeye na mkuki wake, na ndani yake mikato mifupi sambamba, mahali ambapo kwa mtu ingekuwa chini ya kifua. Mikato ile nimeipaka rangi ya damu iliyokauka. Mtoto wa jirani aliyeiona aliuliza kwa nini ardhi imechanjwa. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu sanamu.

Februari 2018 filamu ya Black Panther ilipofika Kenya, Kisumu ilifanyiwa onyesho la uzinduzi kwa ajili ya binti yetu Lupita Nyong'o, na mji ukajaa watu waliovaa kama wakazi wa Wakanda, nchi ya filamu hiyo. Mwaka uliofuata Ruth E. Carter akapata tuzo ya Oscar kwa mavazi ya filamu ile. Alifanya nini? Alikwenda kuchungulia watu wa kweli, shanga na wekundu wa Wamaasai, blanketi za Wasotho, kofia za wanawake wa Kizulu, udongo wa Wahimba, akavipeleka katika nchi ambayo haipo. Nchi ya kubuni ikavishwa vitu vya kweli. Sisi tuna shujaa mwenye ukoo, mto na jiwe lake, na tunamvisha vitu vya kubuni. Hilo linaniuma.

Nitajibiwa kwamba hakuna ajuaye Lwanda Magere alivyofanana, kwa hiyo kila mtu na wake. Sura yake ni kweli hakuna aijuaye, na hapo nawaachia uhuru wote: mpeni pua muitakayo. Lakini mtu wa Kano wa zama zile alivaaje, alishikaje mkuki, alinyoaje, hayo yanajulikana na yanaweza kutafutwa. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipita kwa Waluo mwaka 1936 akapiga picha nyingi, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford, na mwaka 2007 nakala zake zilirudi Nyanza zikaonyeshwa vijijini kwa jina la Paro Manene. Hata kwenye intaneti zipo. Wachoraji wa Shujaa Stories, wakishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, wamewachora mashujaa wa makabila mengi ya nchi hii. Ni mwanzo mzuri, ingawa picha ya upande mmoja haimtoshi anayeunda sanamu, ambaye lazima ajue mgongo ulivyo.

Wapo pia wanaonikemea kwamba natengeneza miungu ya resini. Dada mmoja wa kanisani kwetu aliniombea waziwazi. Nilimshukuru, kisha nikamuuliza kama yule simba anayemrukia nyumbu ndani ya Makumbusho ya Kisumu naye huabudiwa. Tuliachana kwa amani.

Jambo moja ambalo sina subira nalo ni nakala za wizi. Zipo seti za bei poa ambazo mtu amenunua kazi ya mchongaji, akaitengenezea kalibu yake na kuanza kuiuza. Msinunue. Na ukishamgeuza uliyemnunua kihalali, ni wako wa kuweka rafuni na kuonyesha, lakini kiwiliwili chini ya fila yako bado ni jasho la mwenzako wa mbali. Ukitaka kutoa nakala na kuuza Lwanda Magere mjini, chonga mwili mwenyewe kuanzia mwanzo. Kugeuza ni shule nzuri ya kukufikisha huko.

Kazi iliyo mezani sasa ni ngumu zaidi. Namtaka Nyamgondho wa Gwassi, yule mvuvi maskini ambaye wavu wake ulimtoa ajuza ziwani, akatajirika kwa ajili yake, kisha akamtukana kwa ulevi na kuona ng'ombe wote wakimfuata ajuza kurudi majini. Nyamgondho mwenyewe nimempata bila shida. Wazee wa Kizungu wanaoegemea fimbo ni wengi madukani, wachawi karibu wote. Aliyekosekana ni ajuza. Nimepekua orodha za wauzaji: wasichana, wapiganaji, mazimwi, wasichana tena. Bibi kizee mwenye mgongo uliokunjika na matiti yaliyolala hauzwi na mtu. Itabidi nimtoe ndani ya msichana mmoja mwenye upanga, nimwongeze miaka sitini kwa epoksi, na kila mkunjo nitauazima kwa akina mama wanaokuja kupimwa meno. Wameshakubali. Mmoja ameniuliza atalipwa nini.

Kwa Makumbusho ya Kisumu nina ombi dogo. Pale pana Ber-gi-dala, boma zima la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi, na pana vyombo ambavyo kijana hawezi kuviona kwingine. Tengeni siku moja ya mwezi ambapo mtu anaruhusiwa kuja na daftari, rula na bikari, akavichora na kuvipima, mbele, nyuma na ubavuni. Walimu wa sanaa leteni wanafunzi siku hiyo. Vijana wa resini, njooni na maswali kabla ya kuja na brashi.

Na wewe msomaji uliye na ngao, kondo au kigoda cha babu juu ya kabati: siku atakapopita mnunuzi wa vitu vya kale na noti zake, usimkabidhi kabla hujafanya haya. Pima urefu, upana na unene. Piga picha pande zote. Andika kilitoka kwa nani, ukoo gani, kijiji gani, na kama aliyekitumia bado yu hai kaa naye akwambie alivyokishika. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipeleke makumbusho. Ukishamaliza hayo, uza ukipenda.